Taji Halitoki Bila Mwenyewe

Siku kamati ya Sikukuu ya Bahari ilipobisha hodi, Mama Kaango alikuwa ameketi kwenye mkeka sebuleni, miguu ameinyoosha mbele, taji liko mapajani, na kipande cha mshipi wa kuvulia amekibana kwa meno. Alikuwa akitunga upya makombe ya baharini yaliyolegea. Kazi ile haitaki haraka. Unatafuta tundu la kombe, unapitisha mshipi, unauzungusha kwenye waya, kisha unavuta taratibu kama unayemvua mtoto mchanga shati. Ukivuta kwa pupa, kombe linapasuka katikati, na jingine la rangi ile utalitafuta ufukweni mpaka mgongo ukome.

"Hodi wenyewe!"

"Karibuni, piteni. Msivue viatu, sakafu yenyewe mchanga mtupu."

Aliingia Mwenyekiti wa kamati, mwenye duka la misumari na mabati pale sokoni, mtu wa kitambi na kitambaa cha jasho mkononi. Nyuma yake aliingia Katibu, mwanamke mwembamba mwenye mkoba mkubwa, anayeongea polepole na kwa sauti ya chini kama vile siku zote chumba cha pili kuna mtu amelala. Walikaa kwenye kochi. Kochi likalia. Mama Kaango akawasogezea stuli ya kuwekea maji, akawaletea maji, akarudi kwenye mkeka wake na taji lake.

Jina la Mama Kaango alilipata kwa kazi. Alikuwa akikaanga samaki kwenye banda la pili ukiingia sokoni, na kaango lake lilikuwa kubwa kuliko la mtu yeyote. Sauti yake pia ilikuwa kubwa kuliko ya mtu yeyote, maana ukikaanga samaki katikati ya soko, na mafuta yanatatarika, na wateja wanaitana, bila sauti utauza kwa nani?

"Mama, hatukai sana," Mwenyekiti alianza, akijifuta shingo. "Tumekuja kulichukua taji."

"Kulichukua?"

"Tukalihifadhi ofisini mpaka siku yenyewe."

Mama Kaango alitoa mshipi mdomoni. "Na mwenyewe?"

"Mwenyewe nani?"

"Taji lina mwenyewe, Mwenyekiti. Mwaka huu mwenyewe ni Kipusa, mwanangu. Au mmesahau?"

Lazima nieleze hapa, maana asiye wa pale hawezi kuelewa kwa nini swali hilo lilikifanya chumba kiwe kizito ghafla. Kila mwaka, siku ya Sikukuu ya Bahari, huchaguliwa Malkia wa Bahari kati ya wasichana wa mji ule. Taji lake ni la makombe na simbi za ufukweni, pana kama mdomo wa kikapu, na kwa sababu ya upana huo wasichana wote wanaoshindana husukwa nywele zikarundikwa juu kama kichuguu, lipate pa kukaa. Malkia akishavishwa, taji haliendi ofisini wala nyumbani kwa mkubwa yeyote. Linalala nyumbani kwa malkia mwaka mzima. Ndugu zake wanalipangusa, wanatunga yaliyolegea, wanawaonyesha wageni. Siku ikifika, malkia hulibeba kwa mikono yake miwili, akatembea kwa miguu kutoka kwao mpaka ufukweni, watu wamejaa milangoni, na yeye mwenyewe ndiye anayemvisha mwenzake. Watu hawapigi makofi mpaka mikono ya malkia anayeondoka iliachie taji. Hakuna aliyepata kuuliza kwa nini. Ndivyo ilivyokuwa kwa mama zao, na ndivyo walivyotaka iwe.

Katibu alisogea mbele kwenye kochi. "Dada yangu, tumekaa, tumelizungumza jambo hili kwa upendo kabisa. Tumeona mtoto tusimsumbue. Mwaka huu atavisha mgeni rasmi. Kipusa apumzike tu nyumbani."

"Apumzike? Kwani anaumwa?"

"Haumwi, ila unajua tena... hali yake."

"Hali gani?"

Katibu alimtazama Mwenyekiti. Mwenyekiti akatazama maji kwenye glasi.

"Nawauliza, hali gani? Mimi ni mama yake, nalala naye nyumba moja, hiyo hali sijaiona. Nitajieni."

"Ya usoni, dada," Katibu alinong'ona.

"Eeh. Sema basi. Usoni."

"Safari hii tumepata wadhamini wakubwa," Mwenyekiti aliingilia, sasa maneno yakimtoka mbio. "Watakuja na wapiga picha. Mambo yatakwenda mbali. Sasa mtu anafungua picha ya sikukuu, cha kwanza anaona... Na kuna watoto wadogo pale mbele, mama. Wataogopa. Sisi tunamhurumia binti. Hatutaki aumie moyo."

Mama Kaango aliliweka taji chini polepole sana. Wanaomjua wangejua kuwa akifanya jambo polepole namna ile, sogea.

Hali hiyo ya usoni, nani aliileta? Mwaka uliotangulia, Kipusa alikuwa amevishwa taji muda uleule, hata makofi hayajanyamaza. Kamati ilikuwa imenunua fataki. Kiongozi wa bendi, mzee wa tarumbeta aliyeona sikukuu nyingi, aliwaambia kabla, mbele za watu, kwamba fataki ziwekwe kule mwisho wa gati, upepo unavuma huku. Mwenyekiti akasema hapana, ziwekwe chini ya jukwaa, zipasukie juu ya kichwa cha malkia, watu waone. Zikawekwa. Moja ikaenda upande. Gauni lilikuwa la kitambaa chepesi kama wavu, na kitambaa cha namna ile kikiona cheche hakisubiri. Moto ulimpanda binti kutoka kwapani hadi shingoni na shavu lote la kushoto. Na sikiliza alichokifanya mtoto wa watu huku anaungua: alilivua taji akalitupa mchangani, lisije likapasuka makombe. Anaungua yeye, anaokoa taji lao!

Alilazwa hospitali mpaka wauguzi wakamzoea kama ndugu. Kamati ilikwenda kumwona mara moja, na mfuko wa machungwa. Kisha kwenye mkutano wa kufunga sikukuu, Mwenyekiti alisimama akasoma kwamba mambo yote yalikwenda salama, ukiacha hitilafu ndogo. Mama Kaango aliambiwa maneno hayo akiwa kwenye banda lake, kijiko cha kugeuzia samaki mkononi. Samaki wote wa mkupuo ule waliungua.

Sasa watu walewale walikuwa kwenye kochi lake, wanakunywa maji yake, wanamhurumia.

"Mmemaliza?" aliuliza.

"Mama, tuelewane..."

"Nimewaelewa. Nyinyi mmemchoma, na sasa mnaona haya kuitazama kazi ya mikono yenu. Mnataka mimi niwafichie."

"Mama, ile ilikuwa ajali! Na hilo taji ni mali ya kamati."

"Kamati imezaliwa jana! Taji hili nyanya yangu alilivaa, kamati ilikuwa wapi? Taji halitoki hapa. Nendeni."

"Basi tutanunua jingine," Mwenyekiti alisema akiinuka, kitambi kikitangulia. "Tena zuri, linang'aa."

"Nunueni. Na malkia nunueni hukohuko, awe na shavu mnalolipenda. Ondokeni kwangu kabla sijasimama."

Wakaondoka. Katibu alirudi mara moja kuchukua mkoba aliousahau, akauchukua kwa ncha za vidole, akatoka kinyumenyume.

Mama Kaango hakuweza kukaa tena. Alitoka barazani, akamwita jirani yake kwa sauti ileile ya soko, na jirani akaja na sindano bado imechomekwa kifuani kwenye blauzi. Huyo alikuwa Fundi, mshona nguo wa mtaa, mama mnene mwenye miwani ya kamba, ambaye zamani zake, usimwone vile, naye alikuwa Malkia wa Bahari.

"Shoga, keti usianguke," Mama Kaango alimwambia, akammwagia yote.

Fundi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaanza kuvimba. "Wanamhurumia? Mimi nilivishwa na malkia mwenye kifaduro, akanikoholea puani mpaka nikafumba macho, na hakuna aliyemwambia akae nyumbani! Yule wa baada yangu alikuwa na jipu juu ya jicho kama yai la kuku. Alipanda jukwaani na jipu lake, akamvisha mwenzake, akashuka. Leo ndiyo wamejua sura?"

"Waambie!"

"Nitawaambia mimi? Nitawapasulia!"

"Taji nitalitia ndani ya pipa la samaki wa chumvi," Mama Kaango aliapa. "Nifunike, nikae juu ya kifuniko. Waje. Sikukuu yao isifanyike. Wavishane masufuria."

Walikuwa katika hayo Kipusa alipotokea, anatoka kazini. Alikuwa akifanya kazi kwenye karakana ya nyavu, kule nyuma wasikofika wateja, anaunga nyavu zilizochanika. Jina la Kipusa alipewa na bibi yake siku aliyozaliwa, kwa jinsi alivyokuwa mzuri, na halikumtoka tena. Tangu atoke hospitali alijifunga mtandio kichwani, akauvuta mbele upande wa kushoto, hata jua likiwaka vipi. Alisimama penye ngazi ya baraza, akasikiliza mipango yote ya pipa na masufuria.

"Shikamoo Fundi."

"Marahaba mwanangu. Umesikia vituko?"

"Nimesikia toka kona ile. Mtaa mzima umesikia." Akamgeukia mama yake. "Kwa hiyo taji haliendi."

"Haliendi popote! Nimewafukuza kama kuku."

"Na mimi ameniuliza nani?"

Mama Kaango alifikiri hajasikia vizuri. "Nini?"

"Wao wamekuja wakasema nisiende. Wewe umesimama ukasema taji lisiende. Mimi niko wapi hapo, mama? Wote mmenifungia ndani, ila wewe kwa kelele zaidi."

"Kipusa! Nimekutetea!"

"Umenitetea, mama, ahsante. Lakini hujaniuliza."

Fundi alitafuta kitu cha kutazama, akaipata sindano yake. Mama Kaango alishusha mikono yake kutoka kiunoni. Moyo ulimchoma. Kweli hakuwa amemuuliza. Alikuwa amechukua hasira akaivaa mwenyewe, mwanawe akabaki bila hata kipande.

Kipusa alikaa ngazini, akaufungua mtandio, akauweka mapajani. Kovu lilikuwa linang'aa, limevuta kona ya mdomo juu kidogo, kama mtu anayetaka kucheka akajizuia.

"Nikienda sokoni," alisema, "watu wanasalimia ndizi. Naapa. Nasimama mbele ya mtu, anatazama ndizi zake, ananiambia hujambo. Mwaka mzima nimekuwa malkia wa sebuleni, nalipangusa taji na kulirudisha kabatini. Nataka nikalikabidhi. Nataka nistaafu kama wenzangu."

"Watakutazama, mwanangu."

"Ndiyo nataka wanitazame. Wakimaliza kunitazama, watazame na waliyoyafanya."

Fundi alivuta kamba ya miwani, akaivaa. "Simama nikupime," alisema. "Na shingo nitaiacha wazi. Unasemaje?"

"Iache wazi."

Siku ya sikukuu jua lilikuwa kali na bahari imetulia. Kipusa alivaa gauni la buluu la mikono mifupi, halina nakshi, na nywele amezifunga nyuma. Mtandio aliuacha kitandani. Alitoka mlangoni, taji mikononi, mama yake nyuma kwa hatua chache kama inavyopasa, amevaa nguo yake ya arusini na uso wa kwenda vitani.

Milango ilikuwa imejaa watu. Kwa kawaida malkia akipita watu huita, wakapiga vigelegele, wakamrushia maneno ya mzaha. Siku ile kulikuwa kimya kwanza. Wengine waliinama kufunga kamba za viatu ambavyo havikuwa na kamba. Mama Kaango aliwaona wote, mmoja mmoja, akawaweka moyoni. Yule nilimlelea mtoto. Yule hula samaki kwangu. Tutaonana.

Kisha kinyozi mmoja wa pale kona alitoka na mkasi wake, mteja wake kamwacha na kichwa nusu, akaita kwa nguvu, "Malkia huyo! Taji linapita!" Mwingine akaitika, kisha mwingine. Vigelegele vikaanza, vya kubabaika mwanzoni, halafu vikakaza.

Karibu na kisima mtoto mdogo alimvuta mama yake nguo. "Mama, yule dada shavu lake lina nini?"

Mama mtu alimziba mdomo kwa kiganja. Lakini Kipusa alisimama.

"Niliungua, mdogo wangu. Fataki."

Mtoto alijinasua kutoka kwenye kiganja. "Iliuma?"

"Iliuma sana."

"Pole," mtoto akasema, akarudi kulamba barafu yake.

Mama Kaango aligeuka kumtazama tena mtoto yule. Ndio hawa watoto watakaoogopa? Mwaka mzima, watu wazima na ndevu zao na mikoba yao, hakuna aliyemuuliza mwanawe kama iliuma.

Ufukweni jukwaa lilipambwa kwa vitambaa na majina makubwa ya wadhamini. Ngazini walisimama vijana wawili wenye vizibao vya kung'aa, na mbele yao Katibu, tabasamu limemkauka mdomoni.

"Kipusa mwanangu, umependeza! Nipe hilo taji, mama. Halafu wewe pitia huku nyuma ya pazia, nimekuwekea kiti, kuna kivuli, kuna na soda."

"Soda!" Mama Kaango alisema, na vijana wote wawili wakashtuka. "Mwanangu amekuja kunywa soda?"

"Mama," Kipusa alisema, "niache." Kisha akamwambia Katibu kwa upole kabisa, "Nitasubiri hapahapa." Akasimama chini ya ngazi, taji mikononi, macho mbele. Hakwenda nyuma ya pazia, wala hakulitoa taji.

Mashindano yalikwenda. Wasichana walipita, wakaulizwa maswali, wakajibu. Akashinda binti wa muuza barafu, msichana mrefu mwenye aibu, nywele zimerundikwa juu ya kichwa kichuguu kwelikweli. Hapo Mwenyekiti akamkaribisha mgeni rasmi, mama mmoja wa heshima aliyetoka mbali, na Katibu akaleta sinia lenye kitambaa. Chini ya kitambaa mlikuwa na taji jipya la dukani, vito vya bandia vinametameta.

Ni la maharusi, lile. Limetengenezwa kwa kichwa kilicholazwa nywele. Katika kamati nzima, iliyokaa vikao mpaka viti vikapata joto, hakuna aliyekumbuka nywele.

Mgeni rasmi alilitua juu ya kichuguu, likateleza likaja kwenye paji la uso. Akalirudisha, likalalia sikioni. Katibu akakimbilia na vibanio, akachomeka kimoja, binti akasema "Aii!" Mgeni rasmi akalibonyeza kidogo. Taji likaruka kama samaki anayetoka mkononi, likagonga ubao, likabingirika mpaka kwenye miguu ya bendi, na mzee wa tarumbeta akalisimamisha kwa kiatu.

Watu hawakupiga makofi. Walicheka, na binti wa muuza barafu akaanza kulengwa na machozi.

"Jamani," mgeni rasmi aliuliza, kipaza sauti kikiwa wazi mbele yake, "kwani siku zote huwa mnafanyaje?"

Fundi alikuwa amekaa mstari wa mbele, wanapokaa malkia wa zamani. Alisimama na unene wake wote. "Huvisha aliyevishwa! Mwaka jana aliyevishwa yupo!"

"Mimi nimeambiwa amesafiri."

"Sijasafiri, mheshimiwa," Kipusa alisema kutoka chini ya ngazi. "Nimekuja kwa miguu kutoka nyumbani kwetu, hapo nyuma ya soko."

Mgeni rasmi alisogea ukingoni, akamtazama. Alimtazama usoni, hakutafuta ndizi. Akamtazama na Mwenyekiti, muda mrefu zaidi. Kabla hajasema neno, kijana mmoja wa kizibao alikuwa ameshasogea pembeni, na mwenzake akamfuata.

Kipusa alipanda. Binti wa muuza barafu alimpokea kwa kumshika viwiko, kama mtu anayeshuka kwenye mtumbwi mbovu. "Dada, samahani, sikujua kama wamekuweka chini," alinong'ona.

"Inama kidogo. Hivyo. Sasa usitikise shingo, lina makelele hili."

Taji likakaa, limeuzunguka ule mrundo wa nywele kama lilivyozunguka ya wengine wote. Kipusa akaachia mikono. Makofi yaliyopigwa pale, ndege waliokuwa juu ya gati waliruka wote.

Na hapo ndipo Mwenyekiti alipochukua kipaza sauti.

"Ndugu wananchi," alisema, kitambaa cha jasho mkononi, meno yote nje, "kamati yenu, kwa upendo wake, imeona vyema kumleta malkia wetu hapa leo, licha ya ile ajali iliyompata..."

Imeona vyema! Mama Kaango aliisikia damu ikimpanda masikioni. Alikuwa amejiahidi kunyamaza. Lakini kuna maneno mtu akiyameza yatamtoboa tumbo.

"Mwenyekiti!"

Sauti ile haikuhitaji kipaza sauti. Watu waligeuka mpaka wa mwisho kule kwenye mashua.

"Fataki nani aliziweka pale?"

Mwenyekiti alijitia hamnazo. Akakigonga kipaza sauti kwa kidole. "Naona mitambo ina shida kidogo..."

"Mitambo mizima!" Fundi akapaza.

"Nakuuliza mbele ya mgeni! Ajali haina mguu, haikutembea yenyewe kutoka gatini! Nani alisema ziwekwe chini ya mwanangu?"

Mzee wa tarumbeta alisimama, kofia mkononi. Hakupaza sauti. "Jibu, bwana. Mimi nilikuwepo, ulikuwepo. Jibu wewe, nisije nikakujibia."

"Jibu!" sauti moja ikasema kule nyuma. Ilikuwa ya kinyozi. Kisha zikawa nyingi, na si za vijana watupu. Hata wale wa kamba za viatu zisizokuwepo walikuwa wanasema jibu.

Mwenyekiti aliushusha mkono wenye kipaza sauti mpaka pajani. Kipusa alikuwa amesimama kando yake, bega kwa bega, shavu la kushoto upande wake. Alimshika kifundo cha mkono, akauinua ule mkono taratibu, mpaka kipaza sauti kikarudi mdomoni kwa mwenyewe.

Ikabidi amtazame. Hapakuwa na glasi ya maji pale ya kutazama.

"Nilisema mimi," Mwenyekiti alisema. Sauti ilitoka ndogo, lakini spika ziliikuza. "Niliambiwa ziende gatini. Nikasema hapana, ziwekwe pale. Nilisema mimi."

Hakuna aliyepiga makofi, na hakuna aliyecheka. Mgeni rasmi aliketi, akainamisha kichwa. Katibu alikuwa akiliokota lile taji la dukani, akalitia mkobani, mkoba ukakataa kufunga. Binti wa muuza barafu, taji kichwani, alisogea akasimama upande wa pili wa Kipusa, akamshika mkono, na wakashuka ngazi wote wawili pamoja. Bendi ikaanza kupiga bila kuambiwa.

Njiani kurudi, watu walimsalimia Kipusa. Wengine walisalimia vibaya, kwa kigugumizi, wengine walitaka kulia, naye akawa anawapita akiwajibu wote. Mama Kaango alitembea pembeni yake safari hii, si nyuma, maana sasa hakuwa mama wa malkia tena. Bado alikuwa anachemka.

"Umemsikia? Amesema alisema. Samahani hajasema! Neno moja tu, jepesi, limemshinda. Kesho naenda dukani kwake, kabla hajashusha mabati. Nitasimama katikati ya misumari yake mpaka aliseme."

"Nitakwenda mimi, mama."

"Tutakwenda wote."

"Nitakwenda mimi. Wewe utanisubiri nje."

Mama Kaango alifungua mdomo, akaufunga, akamtazama mwanawe usoni, akaufungua tena.

"Nje wapi?" aliuliza. "Mlangoni au barabarani?"